Simu Iliyolala Mahakamani

Katika kabati ya chuma ya mahakama moja mjini Mbarara imo bahasha ya kaki yenye mhuri na namba ya kesi, na ndani ya bahasha hiyo imo simu yenye ufa kwenye pembe ya kioo. Simu hiyo ni ya marehemu mume wangu. Alikuwa askari wa jeshi letu la Uganda, akapelekwa Somalia pamoja na majeshi ya Umoja wa Afrika, na huko ndiko alikokutwa na mauti mwaka 2023. Baada ya mazishi nililetewa sanduku lake la bati. Niliikuta simu katikati ya sare mbili zilizokunjwa vizuri, kama alivyozoea kukunja mwenyewe.

Naandika haya kwa ajili ya wake wa askari wenzangu, na kwa ajili ya waume zao pia, maana wao ndio wanaofanya mapatano ya maisha yetu kwa simu wakiwa mbali. Kwa kuwa shauri langu lingali mbele ya hakimu, sitamtaja niliyemshtaki, wala sitasema zaidi ya yale yaliyokwisha kusemwa mahakamani.

Mimi ni mwalimu kwa mafunzo, na cheti changu cha ualimu ningali nimekitundika ukutani, ila kwa miaka sita sasa ni karani wa serikali katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Makazi haya, yaliyo kando ya ziwa lenye jina hilohilo, yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Siku habari za msiba zilipofika, mtu wa kwanza kubisha hodi alikuwa mama wa Kisomali anayeuza maziwa karibu na ofisi yetu. Hakuwa na maneno mengi. Alikaa nami mkekani mpaka jioni.

Mwaka 2022 mume wangu alikuwa amekopa fedha katika chama cha akiba na mikopo cha Wazalendo, akanunua kiwanja Biharwe, si mbali na kambi ya Makenke. Bei ilikuwa shilingi milioni 18. Milioni 10 zilipita benki, milioni 5 zikapita kwa simu, na milioni 3 ndugu yake alizipeleka mkononi. Maafikiano yote yalifanyika kwa WhatsApp, yeye akiwa Mogadishu na muuzaji akiwa Mbarara, kwa maandishi na kwa sauti. "Karatasi tutaandikiana nikija likizo," aliniambia. Likizo haikufika. Nilipokwenda Biharwe miezi mitatu baada ya matanga, nilikuta maharage ya mtu mwingine yamestawi katika kiwanja chetu. Muuzaji alinipokea kwa heshima, akanipa kiti na soda, kisha akasema, "Shemeji, marehemu alinikopesha tu fedha za ng'ombe, nami nilimrudishia mkononi." Mtu wa kumjibu alikuwa kaburini.

Kabla ya kushtaki ilinibidi kwanza nipate barua za usimamizi wa mirathi, kwani mali ya marehemu haidaiwi na kila anayelia. Jambo hilo lilikula karibu mwaka mzima. Katika mwaka huo nilifanya makosa mawili ambayo nusura yanipotezee kesi.

Kosa la kwanza lilitokana na haya. Mume wangu alikuwa akinitumia mimi ujumbe wa muuzaji ili nishauri, na katikati ya habari za kiwanja alichanganya mambo yetu ya ndani: utani juu ya mama yangu, wimbo aliomwimbia mtoto wetu wa mwisho, na mengine ambayo mke hamwonyeshi mtu. Basi nilipiga picha za kioo cha simu yangu, nikazichapisha katika duka la fotokopi, nikachukua mkasi nikaondoa kila lililonitia aibu, vipande vilivyobaki nikavibandika kwa gundi na kuvitoa nakala safi. Niliridhika nazo kama mwalimu anavyoridhika na chati aliyoichora mwenyewe. Wakili alizitazama, akavua miwani. "Mama," akasema, "hizi umezipika."

Ndipo aliponifundisha. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 yataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Lakini sheria hiyohiyo yatambua kuwa ujumbe wa kielektroniki unaoweza kurejewa baadaye ni maandishi. Nilikuwa na mkataba bila kujua! Nayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 yakataza mahakama kuutupa ushahidi kwa sababu tu umetoka katika kompyuta au simu. Ila mzigo ni wa anayeuleta. Ni juu yake kuonyesha ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, kwamba haukuguswa, na kwamba aliyeandika ndiye kweli aliyeandika. Karatasi iliyopita kwenye mkasi haiwezi kujibu hata swali moja kati ya hayo. Aidha, ujumbe nilioletewa mimi ulikuwa umepitia mkono wa pili. Mazungumzo yenyewe yalikuwa ndani ya simu iliyokuwa sandukuni.

Kosa la pili nililikaribia tu. Nilidhani nikitia laini ya marehemu katika simu mpya na kufungua WhatsApp yake humo, yote yatajitokeza. Kabla ya kufanya hivyo nilipita kwa kijana mmoja fundi wa simu hapa Nakivale, mzaliwa wa Bukavu, nikamwomba anisaidie. Aliruka kana kwamba nimeshika waya wa umeme. "Mama Mwalimu, usiiguse!" Alinieleza kwamba akaunti ikifunguliwa katika simu mpya, simu ya zamani hutolewa, kwamba akaunti isiyotumiwa kwa siku 120 hufutwa na kampuni, ingawa yaliyomo katika simu yenyewe hubaki maadamu programu haijaondolewa, na kwamba haifai kuandikia Marekani kuomba nakala, kwa sababu tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa namna ambayo hata kampuni haiwezi kuusoma. Kila kitu kilikuwa ndani ya kile kikopo chenye ufa, basi. Aliichaji taratibu, akaitenga na mitandao ili kisiingie wala kutoka kitu, na mbele ya wakili nikaifungua kwa tarakimu nilizozijua, siku ya kuzaliwa mtoto wetu wa kwanza. Tangu hapo kila aliyeishika aliandika jina lake, siku na saa.

Nilimwuliza kijana yule amejifunzia wapi tahadhari hiyo. Akanisimulia kesi ya kwao. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi iliwahukumu mjini Bukavu makamanda wawili wa waasi kifungo cha maisha kwa mauaji ya wanakijiji wa Kivu Kusini ya mwaka 2012. Miongoni mwa ushahidi mlikuwa na picha zilizopigwa kwa programu maalumu ya simu, ambayo huhifadhi pamoja na picha mahali na saa ilipopigwa, na kuonyesha kama imebadilishwa. Habari hiyo yawahusu askari kuliko raia, na iko nyingine. Mwaka 2018 video ilienea mitandaoni ikionyesha wanawake wawili na watoto wao wakipigwa risasi na watu wenye sare. Serikali ya Kamerun ilikana. Waandishi wa BBC walilinganisha mstari wa milima iliyo nyuma na picha za setilaiti, wakapata mahali penyewe kaskazini mwa nchi hiyo, na kwa vivuli wakakadiria majira ya mwaka 2015. Septemba 2020 askari wanne walihukumiwa miaka 10 kila mmoja. Mlima hauna chama, nao haukani.

Mlima ulinisaidia hata mimi. Mwaka 2022 muuzaji alikuwa ameweka picha katika Facebook, amesimama kwenye mawe ya mipaka akicheka, na chini yake ameandika kuwa kiwanja kimepata mwenyewe, mwanajeshi wetu shujaa. Mimi, mtumishi wa serikali, sikuwa na njia ya kuiona, kwa kuwa Facebook ilifungwa nchini petu Januari 2021. Dada yangu anayeishi Nairobi ndiye aliyeiona. Fundi wangu akashauri tufungue akaunti ya msichana wa uongo, tumfanye bwana yule rafiki, atoboe yote. Nakiri kwamba usiku ule nilikwisha kumchagulia msichana jina. Wakili alikataa katakata: kilicho wazi kwa watu wote chukua, lakini usiingie kwa hila mahali palipofungwa, maana hakimu ataacha kumchunguza mwongo wa kwanza amchunguze wa pili. Dada aliihifadhi picha pamoja na anwani kamili ya ukurasa, siku na saa, akala kiapo yeye mwenyewe aliyeiona. Wiki mbili baadaye picha ilikuwa imefutwa.

(Hapa niwatajie wenzetu wa polisi neno moja. Katika makosa ya jinai, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 yampa mpelelezi nafasi ya kuomba mahakama iamuru data ihifadhiwe upesi kabla haijapotea. Mwananchi anayekuja kituoni akilia kwamba ametishwa kwa simu, asiambiwe arudi Jumatatu.)

Mahakamani, mdaiwa alisema picha si yake kwa sababu Facebook imefungwa Uganda. Wakili wetu akamwuliza kama yeye hutumia VPN kama vijana wengine. Akajibu kwa fahari kuwa anatumia, tena ya kulipia. Watu walicheka, hata karani.

Hoja kubwa ilikuwa juu ya kidole gumba. Mume wangu alikuwa amesema kwa sauti: "Basi ndugu, milioni 18, na kiwanja ni changu, sivyo?" Muuzaji alijibu kwa kile kikatuni cha gumba lililoinuliwa, bila neno. Akadai maana yake ni kwamba amesikia tu. Wakili wetu alitaja kesi ya Kanada, jimbo la Saskatchewan, ambako mwaka 2023 mkulima aliyejibu mkataba wa kuuza kitani kwa gumba hilohilo aliamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za huko, na mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikakubaliana na hukumu. Si sheria yetu, lakini hakimu aliiandika.

Kisha sauti zenyewe zikachezwa. Lugha ya mahakama zetu ni Kiingereza, na wawili wale walizungumza Kiswahili cha kambini, kwa hiyo mkalimani aliapishwa. Mazungumzo hayakuweza kukatwakatwa, nilikwisha kuonywa. Sauti ya mume wangu ilijaa chumba kile, akitaja bei, akitaja mawe ya mipaka, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu asiyejua kunyamaza, akamweleza muuzaji kuwa atapanda mwembe upande wa mashariki ili mke wake apate kivuli cha kusahihishia madaftari. Mkalimani alisita, akamtazama hakimu. Hakimu akamwambia atafsiri na hayo pia.

Simu imepokewa kuwa kielelezo, na haitarudi mpaka kesi imalizike, na rufani ikiwapo, mpaka nayo imalizike. Muuzaji ametuma watu kusema atanirudishia milioni 10 nikiiondoa kesi. Nimewajibu kwamba nataka kiwanja. Mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa akilala kwa wimbo uliomo katika simu ile, ameniuliza mara mbili lini tutakwenda kuichukua.