Jioni moja ya Bruxelles

Tangu tuliporudi kutoka Ubelgiji wengi mmetuuliza habari za Bruxelles. Tuliwaeleza masomo ya katekesi, makanisa makubwa na bei ya chakula. Habari za jioni zake tulizinyamazia, na kunyamaza kwetu hakukuwa kwa unyofu. Leo tunazisema.

Tulifika mwezi wa sita. Kitu cha kwanza kilichotushangaza kilikuwa jua. Kwetu Kivu, saa kumi na mbili na nusu giza limekwisha kuanguka, mama anaita watoto, mlango unafungwa. Kule, mwezi huo, jua linazama karibu saa nne ya usiku. Tulisali sala ya jioni, tukapanda kitandani, na dirishani kungali kweupe, watu wanacheka njiani. Siku tatu tulilala hivyo, shuka juu ya uso. Siku ya nne mjomba alikuja kututafuta.

Mjomba huyu ni ndugu wa mama yetu, mtu wa Bukavu. Alikwenda kule 1974 kwa masomo, akazeekea huko huko. Alisimama mlangoni, akasema: «Mwipwa wangu, umevuka bahari ili ulale na kuku?» Tulimjibu, «Mjomba, katekista hatembei usiku.» Alicheka, akatwaa koti yetu msumarini.

Alitupeleka kwanza Grand-Place. Ni kiwanja kilichozungukwa na nyumba za vyama vya mafundi wa zamani: waoka mikate, watengeneza bia, wapiga mishale. Kuta zao za mbele zina sanamu na dhahabu. Mnara wa nyumba ya mji unapanda meta 96, na kileleni Malaika Mikaeli anamkanyaga shetani. Mwaka 1695 mizinga ya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, iliteketeza karibu kiwanja chote, na wenyeji wakakijenga tena kwa miaka michache. Taa zilipowashwa tuliona jambo ambalo hatukulitazamia: watu walikaa chini juu ya mawe, vijana kwa wazee, bila kiti, bila kulipa hata senti moja, wanatazama tu. Tulikaa nao. Suruali yetu ya dominika ilipata doa, na doa hilo lingalipo.

Toka hapo ni hatua chache mpaka kichochoro chembamba, ambamo kuna mchezo wa sanamu za miti unaoitwa Toone. Ulianza 1830 katika mitaa ya maskini, kwa watu wasioweza kulipa kiti cha teatro kubwa. Jina la Toone hurithiwa. Nicolas Géal alilipokea mwaka 2003, naye ni wa nane. Mtu mmoja hutoa sauti zote, mfalme, mjane na mwizi, kwa lugha ya watu wa mji ule, nusu Kifaransa, nusu Kiflama. Hatukufahamu hata robo, tukacheka mpaka machozi. Mjomba alitunong'oneza kwamba sanamu hizo hizo hucheza pia Mateso ya Bwana. Tuliwaza: sisi tumefundisha Mateso miaka kumi, na hatujawahi kumpa Pilato sauti yake.

Kisha kiu ilitushika. Mjomba aliagiza pombe ya gueuze, na hapa tunaomba msamaha kwa kukawia, maana ilitupendeza sana. Pombe hii hutoka katika lambic, na lambic haitiwi chachu. Siku za baridi hupika nafaka, kisha maji yake huachwa usiku kucha katika chombo kipana cha shaba, wazi, na chachu iliyo hewani huingia yenyewe. Hulala katika mapipa mwaka, miaka miwili, hata mitatu. Mwishoni huchanganya changa na nzee. Ladha yake ni kali kama kasiksi ya siku ya tatu. Mama zetu wangeijua mara moja. Tulikunywa glasi moja. (Ya pili ilikuwa ya mjomba, lakini alitugawia.)

Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Tulipotoka tulimwona kijana ameanguka karibu na ukuta, rafiki zake wanapiga picha badala ya kumwinua. Mjomba alimwinua.

Tulipita mbele ya teatro ya opera, La Monnaie. Mjomba alisimama. «Hapa,» akasema, «tarehe 25 Agosti 1830 watu walikuja kusikiliza wimbo juu ya wavuvi wa Napoli walioasi watawala wao. Walitoka wakipiga kelele, na uasi wa Wabelgiji juu ya Waholanzi ukaanza usiku huo.» Kisha alionyesha kwa kidole upande wa Hotel Plaza. «Na pale, 1960, wakati wa Meza ya Duara, Kabasele na African Jazz yake waliimba Indépendance Cha Cha. Gitari ilipigwa na Docteur Nico, mtoto wa Kasai, aliyezaliwa misioni ya Mikalayi. Mwipwa, uhuru wao na uhuru wetu vyote viliimbwa jioni katika mji huu.»

Hatukujibu. Moyo ulikuwa umekwenda Kongo, kwa kijana mmoja wa korali yetu. Alipiga gitari Misa ya dominika, na jumamosi usiku alipiga katika baa. Miaka mitatu iliyopita tulimwita mbele ya wenzake wote, tukamwambia achague. Alisema, «Ndiyo, Mwalimu,» akatoka, hakurudi.

Tulipanda kwa miguu hadi Matonge, mtaa wa Ixelles uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Hapo kuna kiwanja kilichopewa jina la Lumumba mwaka 2018, na maduka yanauza sombe na ndizi za kupika. Katika nyumba moja ndogo mtu wa miaka yetu alikuwa akipiga rumba ya zamani. Mamá wenye vitambaa vizuri walicheza polepole na waume zao. Hapakuwa na ugomvi wala tusi. Mguu wetu ulianza kupiga chini wenyewe, na mjomba aliutazama bila kusema neno. Tulirudi kwa basi ya usiku.

Asubuhi, katika Misa ya saa nne, tulimwona yule mpiga gitari katika viti vya nyuma, macho mekundu, anaimba sauti ya chini.

Tuliporudi tulimtafuta kijana wetu. Anatengeneza simu karibu na soko. Alitupa kiti, akafuta meza, akatusikiliza mpaka mwisho. «Mwalimu,» akasema, «gitari niliiuza.»

Tumemwandikia mjomba. Amejibu kwamba nyuzi atazituma upesi, lakini gitari yenyewe tungoje mpaka mwezi wa kumi na mbili.