Ulaya ya intaneti inayoganda

Najua kona hii imeota nyasi. Wengine mmeanza kuuliza kama nimemezwa na baridi ya Ireland. Sijamezwa jamani, niko TP. Chuo kimenitupa kwenye sekondari moja ya kijijini huku Kerry, kusini-magharibi kabisa mwa kisiwa, nafundisha hisabati na jiografia. Na sababu ya ukimya ni moja tu: nyumba ninayokaa haina intaneti ya maana.

Nawaona mnavyocheka. "Ulaya hakuna intaneti? Acha fiksi!" Haya, kaeni chini niwasimulie.

Nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane, miaka sabini na kitu. Anataka nimwite kwa jina lake la kwanza kama wanavyofanya wote hapa, lakini mdomo wangu umegoma, namwita Mama. Laini ya simu ya nyumba yake ni waya wa shaba wa tangu enzi hizo. Siku ikiwa njema nikipima napata megabiti mbili. Mvua ikinyesha (na Kerry mvua ni ya kila siku) hata hizo mbili zinapungua. Bili anayolipa kwa mwezi haipungui. Mwanawe yuko Australia, na mjukuu wake amejifunza kutembea mbele ya kamera huku bibi anaangalia picha iliyoganda.

Na mimi hali ni hiyohiyo. Mama yangu mzazi yuko Korogwe na bando lake la wiki, anamwaga habari za mtaa mzima. Anayeganda mdomo wazi kama samaki ni mimi wa Ulaya. Juzi akaniuliza, "Mwanangu, huko nako kuna mgao?"

Basi nikaanza kuulizia watu na kusoma, maana jambo lenyewe lilinikera. Nilichokuta ni hadithi ndefu kweli.

Kwanza jiografia (mwalimu haachi kazi yake!). Vijijini Ireland nyumba hazikai pamoja kama kijiji chetu. Kila familia imejenga kwenye shamba lake, nyumba moja huku, nyingine kule nyuma ya kilima. Sasa intaneti inayopita kwenye waya wa simu ina tabia moja: kadiri unavyokuwa mbali na kituo cha simu ndivyo inavyochoka. Ukikaa karibu na kituo unapeta. Ukifika kilomita tano, unabaki na matone. Tena zamani mafundi walikuwa wanagawa waya mmoja kwa nyumba mbili ili kuepuka kuvuta mwingine. Kwa maongezi ya simu haikuwa shida, ila kwa intaneti ni balaa.

Pili ni siasa na pesa. Mwaka 1999 serikali iliuza hisa za kampuni ya simu ya taifa, Eircom. Wananchi zaidi ya nusu milioni wakakimbilia kununua, wengi wao hawajawahi kununua hisa maishani. Bei ikaporomoka, watu wakalia. Kampuni ikapita mikononi mwa wawekezaji mmoja baada ya mwingine, madeni yakapanda hadi mwaka 2012 ikabidi iombe ulinzi wa mahakama. Niambieni, kampuni iliyoelemewa na madeni itakuwa na haraka gani ya kuvuta waya mpya kwa bibi wa Kerry?

Miaka hiyo ya mwanzo ya 2000 watu walikuwa wanaingia mtandaoni kwa modemu ya kupiga simu, ile inayolia kama paka aliyebanwa mlangoni, na wanalipa kwa dakika. Ndiyo, kwa dakika! Watumiaji wakachoka, mwaka 2001 wakaanzisha kikundi, IrelandOffline, kupigania malipo ya mwezi yasiyohesabu dakika na intaneti ya kasi kwa bei ya binadamu. Intaneti ya kasi kupitia waya wa simu ilianza kuuzwa mwaka 2002, ikiwa ghali, na malipo ya mwezi kwa wale wa modemu yakaja mwaka 2003. Kwa hiyo msidhani hawa wenzetu walizaliwa na ruta mdomoni.

Halafu likaja lile kubwa. Agosti 2012 serikali ikatangaza mpango wa taifa wa intaneti ya kasi kwa maeneo ambayo kampuni hazitaki kwenda. Unadhani mkataba ulisainiwa lini? Novemba 2019! Miaka saba ya vikao. Kampuni tatu zilikuwa zinagombea tenda. Mwaka 2017 moja ya hizo, Eir (ndiyo Eircom ileile yenye jina jipya), ikakubaliana na serikali kwamba nyumba 300,000 za vijijini itazifikia yenyewe. Zilikuwa zile zenye nafuu, zikabaki ngumu tupu. Mwaka huohuo mshindani mmoja akajitoa, na Januari 2018 Eir nayo ikajitoa. Akabaki mmoja peke yake kwenye uwanja, na Oktoba 2018 waziri mhusika akajiuzulu kwa sababu ya kukutana kwake na kiongozi wa kundi hilo. Mwishowe serikali ikakubali kutoa ruzuku ya hadi karibu euro bilioni 3, waya wa faiba ufike kwenye nyumba na biashara zaidi ya nusu milioni. Ujenzi ulipangiwa miaka saba. Ukitazama ramani, eneo la mradi ni asilimia 96 ya ardhi ya nchi, ila watu wake ni kama milioni 1.1 tu. Mnaona hesabu ilivyo mbaya? Waya mrefu, wateja wachache.

Na waya unakuja kweli, tuwape haki yao. Bonde la pili wameshaunganishwa na wanatamba. Kwa Mama bado.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nikae chini niandike usiku huu.

Shuleni hatuna shida. Sekondari za nchi hii ziliunganishwa kwa megabiti 100 na kazi hiyo ilikamilika mwaka 2014. Kwa hiyo mwalimu anakaa ofisini, anabofya, kazi ya nyumbani inaruka mtandaoni, na mfumo wenyewe unamwandikia aliyechelewa alama nyekundu: haijawasilishwa. Mwalimu haoni tatizo, maana pale alipokaa tatizo halipo.

Nina kijana kwenye darasa langu la mwaka wa pili, nyumbani kwao ni juu bondeni ambako hata simu ya mkononi haishiki kwa sababu ya milima. Mpole, anaongea kidogo. Darasani nikimwita ubaoni anafumua milinganyo kama anamenya ndizi. Lakini kwenye mfumo amejaa nyekundu. Wiki iliyopita ikaja hoja kwamba ashushwe kutoka hisabati ya ngazi ya juu aende ya kawaida, kwa sababu "hafanyi kazi". Jamani! Ukishashuka pale, kupanda tena ni kazi, na kozi kadhaa za chuo kikuu zinataka hisabati ya juu. Yaani mtoto anaweza kukosa uhandisi miaka minne ijayo kwa sababu ya waya wa shaba.

Nilimuuliza pembeni kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba baba yake humpeleka kwa gari hadi uwanja wa michezo penye mtandao, ila msimu huu ng'ombe wanazaa, na baba hana nafasi. Hakutaka ionekane kama analalamika.

Nikaenda kwa mwalimu anayenisimamia. Mimi mgeni, mwanafunzi, tena Mswahili, sikujua atanipokeaje. Nikamwambia tuchape maswali kwenye karatasi, tumpe wiki tatu, halafu tumpime kwa mtihani wa mwisho wa muhula ndipo tuamue. Akakaa kimya, akatazama lile jina lenye nyekundu, akasema sawa, tujaribu. Karatasi ya kwanza imerudi jana. Ina doa ambalo sitaki kujua ni la nini (ng'ombe wanazaa, nimeshasema), na maswali kumi na mawili, kumi na moja sahihi.

Mtihani bado wiki mbili. Nitawapa matokeo.

Kinachonishangaza ni kwamba nchi hii imeshawahi kushinda vita kama hivi. Nguzo ya kwanza ya mradi wa umeme vijijini ilisimikwa Novemba 1946 kaskazini mwa Dublin, na kazi ikaendelea miongo mitatu, shamba kwa shamba. Tena hapahapa Kerry, kwenye kisiwa cha Valentia, ndipo ulipoanzia waya wa telegrafu wa kwanza kuvuka Atlantiki, mwaka 1858. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan, maneno 98, zilichukua kama saa 16 kufika, na waya ukafa ndani ya wiki chache. Hawakukata tamaa, mwaka 1866 wakafaulu. Leo upande wa Dublin kuna vituo vikubwa vya data vilivyokula asilimia 21 ya umeme uliopimwa nchini mwaka 2023. Dunia nzima inahifadhi picha zake Ireland, na bibi yangu hawezi kumwona mjukuu wake.

Msije mkadhani haya ni ya huku tu. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulipofika pwani yetu tulishangilia, na kweli mambo yalibadilika. Lakini mkongo kufika ufukweni ni jambo moja, na mtoto wa kijijini kufungua somo ni jambo lingine kabisa. Kila siku nasikia mnasema elimu ya mtandaoni itatukomboa. Sawa. Ila ninyi mnaosoma ualimu pamoja nami, siku mtakapopewa darasa na ruta, kabla hamjabofya "tuma", ulizeni kwanza nani nyumbani kwao haishiki. Ulizeni pembeni, maana mbele ya wenzake hatasema.

Haya, niishie hapa. Nimeandika kwenye laptopu nje ya mtandao, kesho nitaipandisha shuleni wakati wa chai. Mkiacha maoni, nipeni na habari za kwenu: nani alikaa gizani muhula huu, na mlimsaidiaje?

Tuko pamoja.