Faluda, Aiskrimu na Benchi la Kahawa

Neno mgahawa limezaliwa na kahawa. Mkahawa, mgahawa, mahali pa kunywea kahawa. Na kahawa nayo tumeipata kwa Waarabu, wao wakiita qahwa. Lakini hebu ingia leo kwenye migahawa mingi ya Dar es Salaam, uketi, uagize kahawa. Utaletewa kikombe cha maji ya moto, kijiko na kopo la kahawa ya unga, uchanganye mwenyewe. Wali utapata, ugali samaki utapata, chapati maharage tele. Kahawa yenyewe, ile nyeusi iliyochemka mpaka ikanukia mtaa mzima, ilihama mgahawani zamani. Iko nje, kwenye birika juu ya makaa, na wanaoinywa wamekaa kwenye benchi. Tena karibu wote ni wanaume.

Hapo ndipo maneno yangu yanapoanzia, ndugu msomaji. Mimi ni msichana wa Ilala, na ninaandika. Sina chumba changu. Nalala na wadogo zangu wawili, meza ya kulia ndiyo hiyohiyo ya kusomea, na televisheni haizimwi mpaka usiku wa manane. Nikisoma habari za waandishi wa Ulaya, eti walikuwa wakikaa mkahawani kutwa nzima na kikombe kimoja, wakatoka hapo na riwaya, huwa nacheka kidogo, kisha naona wivu. Je, mimi nikaandikie wapi?

Mwaka huu bibi yangu, mzaa mama, aliambiwa na daktari kwamba ana presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea katika kuona kwake hakirudi. Dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki tu. Bibi hakulia. Alikaa kimya siku mbili, na siku ya tatu akaniita.

"Mke mwenzangu, Jumamosi una kazi?"

"Sina, bibi."

"Basi nitembeze mjini. Nataka nikapaone tulipokuwa tukila aiskrimu, kabla sijaanza kusimuliwa."

Tukatembea Jumamosi nne.

Jumamosi ya kwanza tulishuka Posta, tukaifuata barabara ya Samora taratibu, yeye mkono wake begani kwangu. Barabara hiyo ina majina kama mtu aliyeolewa mara kadhaa: wakoloni waliiita kwa miti ya migunga, Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence, leo ni Samora. Bibi alifika Dar mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, binti wa miaka kumi na saba, akajifunza kupiga taipu, akapata kazi ya ukarani. Mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa mkononi, yeye na wenzake wawili walikuwa wanakwenda mjini kula aiskrimu. Walikuwa wanapita Salamander, mgahawa wa pale Samora kwenye jengo la zamani, wakiwatazama wakubwa waliokaa nje na chai zao. Kisha wanaendelea na safari yao ya aiskrimu. Aliitaja na Sno-Cream ya Mansfield Street, jina ambalo mzee yeyote wa mjini ukimtajia anatabasamu kwanza ndipo anajibu.

Salamander haipo tena. Bibi alisimama mahali alipodhani ndipo, akauliza, "Hapa pana nini sasa?" Nikamweleza. Akasema, "Haya," tukaendelea.

Nilidhani atanisimulia utamu wa aiskrimu. Kumbe alichotaka kunisimulia ni gauni. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, marufuku mini, marufuku mawigi, marufuku suruali za kubana, marufuku dawa za kujichubua. Ilisemwa ni kulinda utamaduni wa taifa. Mjini wasichana walikuwa wanazomewa, wengine wanachaniwa nguo mchana kweupe.

"Sisi watatu tukakubaliana kitu kimoja," bibi akaniambia. "Tutavaa magauni marefu, sawa. Lakini aiskrimu hatuachi. Tutaingia, tutakaa, tutaagiza, na tutalipa wenyewe. Maana ukikaa mjini na mwanamume, unaambiwa umehongwa. Ukikaa peke yako, unaambiwa unatafuta mwanamume. Sasa ukae vipi?"

Kwa hiyo lile bakuli dogo la kioo na kijiko chake kirefu halikuwa anasa tu. Lilikuwa tiketi ya kukaa. Ukishaagiza, kiti ni chako mpaka aiskrimu iishe, na bibi anasema walijifunza kuila polepole sana, mpaka nusu yake wanaimalizia ikiwa maziwa.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya Kariakoo. Jina hilo nalo linatoka mbali: ni Carrier Corps, wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Tulipita karibu na soko lile kubwa, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli, lililomalizika miaka ya sabini na kuungua Julai 10, 2021. Lakini safari yetu ilikuwa ya faluda. Kuna kiduka nyuma ya mitaa ya vitambaa, meza nne, feni moja, kalenda ya mwaka uliopita ukutani. Faluda yao ni ya glasi: maziwa baridi, sharubati ya waridi, tambi laini, mbegu za mrehani zilizolowekwa mpaka zikavimba kama mayai ya chura, na juu kijiko cha aiskrimu. Ni kinywaji kilichovuka bahari kutoka Bara Hindi, kikafika pwani yetu na kukaa.

Hapo bibi alinisimulia miaka ambayo hapakuwa na kitu cha kuchanganya. Baada ya vita vya Kagera, vya 1978 na 1979, maduka yalibaki rafu tupu. Sukari ilikuwa ya foleni. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, watu walikuwa wanatupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo. "Mama yako alikuwa mdogo," akasema. "Aliniuliza aiskrimu ni nini. Nikamwambia ni maziwa yaliyogeuka jiwe. Akasema, 'Mama, na maziwa yenyewe yako wapi?'" Bibi alicheka mpaka akafuta macho, halafu akatafuta kijiko chake mezani kwa vidole, hakukiona. Nikamsogezea bila kusema neno.

Nimeanza kuona kwamba wanaotamani ya zamani mara nyingi hawakuyaishi. Wenyewe walioyaishi wanatamani vipande tu: kijiko kirefu, shoga fulani, harufu ya vanila. Vipande vingine hawavitaki hata kwa kulipwa.

Jumamosi ya tatu nikampeleka Masaki. Kuna mikahawa mipya huko iliyopambwa kwa uzamani: picha za Dar ya kale, santuri zimetundikwa ukutani, taa za chemli zenye balbu ndani. Kwenye rafu kulikuwa na redio ya mbao, kubwa. Bibi aliisogelea, akaipapasa, akageuza kitufe. Haikuwa na kitu ndani; kasha tupu. Kahawa ilikuwa shilingi 7,000. Ubaoni wameandika kwamba buni inatoka Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi, na mhudumu, kijana mwenye adabu zake, alitueleza kwa urefu ladha ya kila moja.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Ahsante, mwanangu. Sasa wanaoilima nao wanaijua hii ladha?"

Kijana akacheka. Swali halikuwa la kuchekesha, lakini ningekuwa mimi ningecheka vilevile, ungejibu nini? Nchi hii ina wakulima wa kahawa waliojiunga na ushirika tangu enzi za mkoloni. KNCU ya Kilimanjaro ni ya mwaka 1933. Hata hivyo kahawa yetu nyingi hupanda meli, na sisi tuliobaki tunakunywa chai. Nyumbani kwetu kahawa ni Africafe ya kopo, kutoka kiwanda cha Bukoba, nayo hutolewa akija mgeni.

Lakini nisiseme uongo, pale Masaki niliona jambo jema. Kulikuwa na wasichana wanne, kila mmoja na meza yake, kompyuta imefunguliwa. Hakuna aliyewauliza wanamngoja nani. Bibi naye aliwaona, kwa vile vivuli vyake. Akauliza, "Wale wako peke yao?" Nikasema ndiyo. "Tulichokuwa tunakitaka ndicho hicho," akasema. Kisha akauliza tena bei ya kahawa, akatingisha kichwa.

Jumamosi ya nne hatukwenda mbali. Jioni, baada ya Alasiri, tulikwenda kijiwe cha kahawa cha mtaa wa pili kutoka kwetu. Unakijua, maana kila mtaa unacho: benchi mbili zinazotazamana, birika juu ya jiko la makaa, ndoo ya maji ya kusuuzia, vikombe visivyo na mikono ambavyo muuzaji anavigonganisha mkononi, kling-kling, ukisikia unajua amefika. Kahawa haina sukari. Utamu ni wa kashata, ya nazi au ya karanga, unamega kidogo, unapiga funda. Pembeni watu wawili wanacheza drafti, mmoja anasoma gazeti kwa sauti, na wote wanabishana Simba na Yanga, ubishi uliozaliwa tangu miaka ya thelathini na hauna dalili ya kwisha.

Nimepita hapo maisha yangu yote. Sijawahi kukaa. Hakuna sheria, wala hakuna aliyenikataza. Ni vile tu unavyopita na maneno yanapungua, macho yanakusindikiza, na wewe unaongeza hatua.

Bibi alitoa salamu, wakaitikia kwa pamoja, "Shikamoo, bibi!" Akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja akakaa. Wakamsogelea nafasi bila mjadala. Akagonga benchi kwa kiganja, hapa, nami nikakaa. Mzee mmoja akauliza kwa utani, "Bi mkubwa, umetuletea mchumba?"

"Nimewaletea mwandishi," bibi akasema. "Kwa hiyo semeni mambo ya maana."

Wakacheka, na kwa dakika kama tano walijaribu kweli kusema mambo ya maana. Halafu wakarudi kwenye mpira. Kahawa ilikuwa kali, chungu, yenye tangawizi. Kikombe shilingi 200. Tulipoondoka bibi aliniambia, "Mimi wananiachia kiti kwa sababu nimezeeka. Wewe usingoje uzee, ni mbali, na ukifika hapo macho hayapo."

Sasa nimefikiri sana juu ya benchi hilo. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo mila, kahawa ni ya wanaume. Mila ya nani? Nchini Ethiopia, kwenye asili ya kahawa, mwenye shughuli ni mwanamke: yeye ndiye anayekaanga buni mbele ya wageni, anayetwanga, anayemimina, na nyumba nzima inakaa kumsubiri. Kwa Wahaya wa Bukoba, mgeni hupewa buni zilizokwisha kuchemshwa na kukaushwa atafune, ni heshima ya nyumba. Na huko London, ambako vijana wa kalamu tunakusifu kwa mikahawa yake ya zamani, mwaka 1674 kilitoka kijitabu kilichoandikwa kwa jina la wanawake, kikilalamika kwamba kahawa imewachukua waume zao na kuwafanya wapiga soga. Kwa hiyo benchi la kahawa halikushuka kutoka mbinguni. Watu ndio walioliweka pale, na watu wanaweza kusogea.

Tumeanza kidogo. Tuko wasichana watatu tunaoandika. Kila Jumamosi saa kumi tunakutana kwenye kile kiduka cha faluda, kwa kuwa Masaki hatuiwezi. Mwenye duka alitutazama mara mbili siku ya kwanza; siku ya pili akatuwekea feni upande wetu. Tunaagiza glasi moja moja, tunaila polepole kama walivyokuwa wanafanya kina bibi, na kila mmoja anasoma alichoandika wiki hiyo. Tukimaliza, muuza kahawa anayepita tunamwita. Mwanzoni alitupa vikombe akasimama mbali. Siku hizi anachuchumaa, anasikiliza, na juzi alimkatiza mwenzetu katikati ya hadithi: "Dada, huyo baba wa kwenye hadithi yako hawezi kuongea hivyo. Baba akikasirika hanyanyui sauti, anashusha." Mwenzetu alibadilisha ukurasa mzima.

Bibi hatoki sana sasa. Jioni namwekea matone, kisha anataja na mimi naandika: duka gani lilikuwa kona ipi, nani alikuwa akiuza visheti, aiskrimu ya rangi gani ilikuwa ikiisha kwanza. Tuna daftari la pili. Wewe nawe, ikiwa una bibi au shangazi wa makamo hayo, usimuulize habari za taifa, atakupa zilezile za vitabuni. Muulize alikuwa akikaa wapi mjini, na nani, na nani aliyekuwa akilipa.