Meza na Kitanda Ugenini



Jumapili iliyopita tulisikia katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 10, jinsi Bwana alivyowatuma wanafunzi sabini na wawili, wawili wawili, akawakataza kuchukua mfuko, mkoba wala viatu. Wengi wetu tukiieleza Injili hiyo huishia hapo kwenye mkoba. Lakini yako maneno mengine aliyoyasema papo hapo: wakipokewa katika nyumba wakae humo, wale na kunywa watakachoandaliwa, wasihamehame. Basi Bwana aliyewanyima mkoba hakuwanyima nyumba. Mjumbe wake husafiri mwepesi, lakini akifika, amefika kweli.

Nilikuwa ningali nayatafakari hayo nilipopata ujumbe kutoka Maskati. Mwanaparokia wetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, amekwenda huko kupitisha likizo ya katikati ya mwaka pamoja na mumewe, ambaye ni fundi umeme. (Nayaandika haya kwa ruhusa yao wote wawili.) Bwana amepanga fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Ndani yake, mwaka wa nne sasa, mna godoro sakafuni, jiko la gesi, sufuria mbili, na boksi la televisheni linalotumika kama meza. Televisheni yenyewe ilikwisha kutumwa Tabora zamani. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili, na tangu siku ile husema kwamba mtu hanunui samani mahali anapopita tu. Akiba yote inakwenda Ipuli, kwenye kiwanja chao, igeuke matofali na mabati. Mama kwa upande wake anataka meza, viti, kitanda na mapazia.

“Shikamoo Padre,” aliniandikia. “Nimekuja na asali yetu ya Tabora lita tano. Jirani amenikaribisha kwake mara mbili, bibi mmoja Mwomani anayezungumza Kiswahili cha Unguja kitamu kuliko changu. Mimi nimkaribishe akae wapi, juu ya boksi?”

Walibishana, kisha wakakubaliana waniulize mimi. Seminarini hatukufundishwa somo la samani, lakini swali lao si dogo, na katika kila jumuiya ndogo ndogo ya parokia hii wako watu wenye ndugu aliye mbali anayeishi vivyo hivyo, kama mtu aliyeketi stesheni akisubiri treni.

Safari hiyo ya Tabora na Maskati ni ya zamani sana, ila leo imegeuka upande. Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, baada ya karibu miezi mitano njiani kutoka pwani. Aliyewapokea alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa Omani. Burton ameandika kwamba mtu huyo alianza maisha yake huko Maskati akiwa mtengenezaji wa halua na vitamutamu. Naye alikuwa amekuja Unyanyembe kwa nia ya kupita, achume, arudi kwao. Lakini yeye na wenzake walijenga tembe za kuta nene zenye baraza na ua, wakachimba visima, wakapanda vitunguu, ndimu na mipapai, wakaagiza kutoka pwani vitu vya kupendezesha nyumba. Mgeni alipofika alikuta nyumba imekwisha kutayarishwa kwa ajili yake. Burton na Speke walipewa ile ya Abayd bin Sulayman, ambaye alikuwa amerudi Unguja. Miembe mikubwa tunayopumzika chini yake hapa Tabora, wazee wetu husema, ni urithi wa misafara ile.

Hata hivyo siwezi kuzisifu nyumba hizo na kuishia hapo. Kila sahani ya kaure iliyofika Kazeh ilipandishwa kutoka Bagamoyo begani mwa mpagazi, na wapagazi wengi walikuwa babu zetu Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Hao angalau walilipwa. Lakini Snay bin Amir, mwenyeji mwema wa wageni, alikuwa tajiri wa pembe za ndovu na wa watumwa. Ua ule ule alimoletewa mgeni mbuzi wa karamu ulipitisha watu waliouzwa. Ndiyo maana mimi, nikionyeshwa sebule nzuri, huwa nataka kujua imebebwa na nani.

Basi nilipomjibu yule mama nilianzia hapo. Je, fedha ya meza itatoka wapi? Ikiwa ni karo ya mtoto, au mkopo utakaomfanya mumewe aongeze zamu za usiku, boksi libaki. Akanihakikishia kwamba ni akiba yake mwenyewe. Nikamwambia: nunueni kitanda, kwa maana watu wa ndoa hawapaswi kuishi kama watu wa kambini, nunueni meza na viti vinne, viwili vyenu na viwili vya wageni, mapazia ni hiari, makochi yasubiri Ipuli. Nikamwomba pia wasome pamoja Yeremia sura ya 29, ile barua ya nabii kwa wana wa Israeli waliohamishiwa Babeli. Watu wale walikuwa wakidanganywa na manabii wa uongo kwamba watarudi upesi. Yeremia akawaandikia kwa jina la Bwana wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuoza, na wauombee mji ule wa ugenini amani. Akawaambia na muda wenyewe: miaka sabini. Sijui barua ngumu kuliko hiyo katika Agano la Kale. Nikawakumbusha pia kwamba katika kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, pale Ruwi, wako Wakristo wa mataifa mengi ambao nao wako mbali na kwao. Viti vile viwili havitakosa watu.

Jioni yake mume akapiga simu. Hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. “Padre,” alisema, “nikishaweka kitanda na meza nitazoea. Wenzangu niliokuja nao wamezoea, hata mazishini hawarudi tena. Boksi hili linanikumbusha kwamba mimi ni mtu wa Tabora.”

Nilimheshimu kwa neno hilo, na sikumjibu papo hapo. Nilimwandikia kesho yake juu ya Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, mahali tulipokuwa tukitembea kwa miguu kutoka Kipalapala siku za mapumziko tulipokuwa mafrateri.

Ile tembe ya Kwihara ilipokea wapita njia watatu wenye majina makubwa. Mwaka 1871 alikaa Stanley, akaifanya ghala na ngome, maana Mirambo aliushambulia mji wa Tabora mwezi Agosti mwaka huo. Februari 1872 alirudi pamoja na Dk. Livingstone, na tarehe 14 Machi akamwacha humo akaenda pwani kumtafutia watu na vifaa. Siku tano baadaye, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, yule mzee alitimiza miaka 59, akajiweka upya mikononi mwa Mungu. Alingoja hadi tarehe 25 Agosti. Naye hakuketi juu ya mizigo miezi yote hiyo: alitengeneza jibini ya safari, ikawa na uchachu kidogo, akawapatanisha watu wa nyumbani mwake walipogombana. Mpishi wake, mama mmoja aitwaye Halima, aliwahi kukasirika akatoka. Aliporudi alitaka tu kuambiwa aingie ndani. Livingstone akamwambia aingie, akampa nguo nzito ya baridi, akaandika kwamba atampa uhuru wake na kumnunulia nyumba na bustani Unguja. Yalikuwa maskani hasa, yenye ugomvi na masamaha, ingawa kila aliyelala humo alijua wataondoka.

Wakaondoka. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo wake huko, wakaukausha mwili, wakaubeba. Mwezi Oktoba walifika tena Kwihara, wakaikuta nyumba yao ya zamani inakaliwa na mgeni wa tatu, Luteni Cameron, aliyeazimwa na liwali Said bin Salim. Cameron aliwashauri wamzike bwana wao hapo hapo. Njia iliyobaki ilikuwa ndefu na ya hatari, nao walikuwa wamechoka. Na ua ule waliujua, kwa maana walikuwa wamekaa humo miezi sita, wamekula na kulala humo. Wakakataa. Wakajitwika mzigo wao, na Februari 1874 wakauingiza mwili Bagamoyo, katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, usubiri meli ya kwenda kwao.

Niwatakie Dominika njema. Kina mama wa Ipuli, mkipita karibu na kiwanja kile, tafadhali angalieni kama mvua haijayagusa matofali.

Padre wenu.