Bijombo: Mpwa aliyekosa pointi za kuwinda Marekani

Mzee mmoja wa Bijombo, muwindaji tangu ujana wake, alipigiwa simu na mpwa wake anayeishi Colorado, Marekani. Kijana aliomba kibali cha kuwinda elk, mnyama wa pembe anayekaribia ukubwa wa ng'ombe, akakosa.

« Mjomba, sina pointi. »

Huko, anayeomba akakosa anaongezewa pointi moja kila mwaka, na mwenye nyingi anatangulia. Maeneo mengine yanadai zaidi ya 20. Mzee alicheka kwanza. Halafu akauliza: « Na anayeanza leo atawafikia lini? »

Hatawafikia. Walio mbele nao wanaongezewa. Lakini aliyengoja miaka 20, ukimpigisha kura leo pamoja na wageni, naye unamuibia.

Kongo, sheria ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali cha kuwinda, pointi haina. Angalau kijana ana namba inayoonyesha amengoja muda gani, mzee hana.

Jimbo la Idaho halina pointi, ni kura tu. Mzee akamwambia aombe huko.

« Huko mjomba, asiye mwenyeji analipa zaidi. »