Kinyago na Mwenyewe

Wahenga walisema kuwa kinyago ukichongacho mwenyewe hakikutishi. Methali hii niliipata kwa babu yangu, mchongaji wa Kimakonde katika nchi ya Newala, siku nilipotoka jandoni. Kabla ya hapo nilikuwa nikikimbia na kulia kila midimu ilipoingia kijijini kucheza. Siku ile babu alinionyesha patasi yake na vumbi la mti, akacheka, akaniambia kuwa ndani ya kinyago mna mtu. Tangu hapo nilijiona mwanamume, maana nimeijua siri ambayo mama yangu na dada zangu hawakupaswa kuijua. Nikaamini kuwa ndivyo ulimwengu ulivyopangwa: mwanamume achonge, mwanamume avae, mwanamke akimbie.

Imani hiyo ilivunjika nilipojifunza habari za Wavai. Watu hawa wanakaa pwani ya Afrika ya Magharibi, katika Liberia na Sierra Leone, nao ni watu wa sifa; katika miaka ya 1830 mtu wao mmoja, Momolu Duwalu Bukele, alibuni herufi za kuandikia lugha yao. Kwao, kama kwa Wamende na Wagola walio jirani zao, kuna chama cha wanawake kiitwacho Sande. Kazi yake haiko mbali na unyago wetu: wasichana hutengwa, hufundishwa adabu, kazi, ngoma na mambo ya utu uzima, kisha hurudishwa kwa shangwe wakiwa na majina mapya.

Katika shangwe hiyo hutokea kinyago ambacho Wavai hukiita zooba. Huvaliwa kichwani chote kama kofia kubwa, hata kikafika mabegani, na mwili uliobaki hufunikwa kwa nyuzi nyeusi za majani ya mwale. Rangi yake ni nyeusi inayong'aa kwa mafuta. Paji la uso ni pana, macho yameinama, kinywa ni kidogo na kimefumbwa, nywele zimesukwa kwa ustadi mwingi. Shingoni mna mikunjo iliyozungukana. Wengine huiona kuwa dalili ya siha, na wengine huiona kuwa mawimbi ya maji ambamo mzimu umeibuka. Na ndani ya kinyago hicho mna mwanamke.

Mchongaji ni mwanamume, lakini hana amri juu ya kazi yake. Wanawake humwagiza, naye huchonga mafichoni, na akisha kuwakabidhi, si desturi kujigamba hadharani kuwa mkono wake ndio uliokifanya. Kinyago kikitoka kucheza, hukaa kando kama mtazamaji mwingine. Basi methali ya babu imepinduliwa: aliyekichonga ndiye apaswaye kukiheshimu.

Nilifurahishwa sana na jambo hili, nikaandika mhadhara wa kuwasomea wanafunzi wangu. Niliwaambia kuwa lugha yetu imeyaweka maneno kinyago na unyago katika shina moja, na kwamba Wavai wametimiza maana ambayo sisi tuliipoteza. Nilisifu kinywa kile kilichofumbwa, nikasema kuwa ni kinywa cha mwanamke mwenye kutunza siri. Walinipigia makofi.

Makofi yalipokwisha, binti mmoja alisimama. "Mwalimu," akasema kwa upole, "umetusifia kinyago. Je, kisu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma kuwa katika sehemu nyingi Sande hufungamana na ukeketaji, na kuwa wasichana huumia, na wengine hufa. Nililijua neno hilo, nikaliacha nje ya mhadhara kwa kuwa liliharibu uzuri wake. Niliona haya. Nilikuwa nimekifumba kinywa changu, kisha nikakisingizia kinyago.

Tangu siku hiyo nimelipima jambo hili mara nyingi. Kukidharau kinyago kwa sababu ya kisu ni kuwanyima wanawake heshima ambayo waliijenga wenyewe mahali ambapo watu wengi hawakuitazamia. Kunyamazia kisu kwa sababu ya kinyago ni kuwauza watoto kwa bei ya uzuri. Amri ya nje nayo ina kikomo chake: Januari 2018 Rais Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia, alipokuwa akiondoka madarakani, alipiga marufuku ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18, na amri yenyewe ilipewa maisha ya mwaka mmoja tu. Lakini huko Sierra Leone wako wanawake wa chama hicho hicho walioanza kuwatoa wari wao bila ya kisu. Mafunzo yamebaki, ngoma imebaki, majina mapya yamebaki.

Yule binti alinijia baadaye ofisini. Nilimsimulia habari za babu na methali yake. Akafikiri kidogo, akasema, "Methali ni ya kweli, Mwalimu, ila hukuifikisha mwisho. Mila nayo ni kinyago. Kuna watu waliokichonga."

Babu amekwisha kufariki, na patasi yake ninayo mimi. Nikiitazama, sikumbuki tena siri aliyonipa. Nakumbuka kuwa chombo kilichochonga kinyago chaweza pia kukichonga upya, maadamu wenyewe ndio wanaokishika.