Baiskeli bila mzigo

Niliahidi kuandika juu ya zile siku mbili za baiskeli kule Kasese. Wengi mliona picha mkauliza, "Yalikuwa mashindano? Ilikuwa kampeni ya nini?" Hapana. Hatukuvaa fulana za maandishi, hakukuwa na bango. Tulikuwa watu kumi na mmoja, Jumamosi na Jumapili, tukiendesha polepole kwa sababu tulitaka kuendesha. Basi.

Najua hiyo "basi" haimtoshi kila mtu. Mwaka jana tuliomba mahali fulani tyubu sita na pampu moja, tukaulizwa: matokeo yatakuwa nini? Mwenzetu mmoja akajibu, "Tutafurahi." Yule dada akacheka, akatafuta kwenye karatasi yake sehemu ya kuandika jibu hilo, hakuiona. Simlaumu, karatasi si yake. Tyubu tulichanga wenyewe.

Kwetu Beni na Butembo baiskeli tunaiita kinga, na kinga ni punda. Mimi nimekua bila kuona mtu mzima amepanda kinga tupu. Kama haina makaa ina ndizi, kama haina ndizi ina bidon za mafuta ya mawese. Kwenye kupanda unashuka unasukuma, kwenye kuteremka ndipo unapanda na kumwomba Mungu breki zishike. Chukudu ni hivyo hivyo, ile ya mbao, nayo haijui kitu isipokuwa kubeba. Halafu vita vikija, kinga inabeba kile kilichobaki: godoro, sufuria, bibi mzee kwenye karia ameshika kuku. Wengi wetu tuliona baiskeli ya mwisho ya nyumbani namna hiyo, ikisukumwa usiku.

Hapa Uganda nako si tofauti sana. Boda boda, kabla ya kuwa pikipiki, ilikuwa baiskeli kule Busia, ikivusha watu na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na kile cha Kenya. Jina lenyewe linasema hivyo. Waganda wanaiita baiskeli manyi ga kifuba, yaani nguvu za kifua. Sasa wewe fika barabarani na watu kumi, karia zote tupu, mnacheka. Watu wa Kasese walituuliza mara ishirini, "Mnapeleka nini?" Tukisema hatupeleki kitu, wanauliza, "Basi mnakwenda kuchukua nini?"

Bon. Wanne tulitoka Rwamwanja, baiskeli zetu juu ya Fuso ya mahindi. Wengine saba wanaishi Kasese mjini na Bwera. Ofisini tuliaga, na kila mtu alibeba kitambulisho chake cha ukimbizi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa uhuru wa kutembea nchini, lakini sheria haiko mfukoni, kitambulisho kiko. Kwa ndugu wanaotaka kufanya kama sisi: msikiache.

Baiskeli zenyewe msiulize. Hero tano, Phoenix nne, nyingine hazina jina tena. Moja ilikuwa na gia, lakini gia zilikuwa zinajibadilisha zenyewe pale zinapotaka, mwenyewe yupo tu. Mkubwa wetu mmoja ni fundi, tunamwita Fundi tu. Alibeba solusheni, viraka vya tyubu kuukuu, spana mbili, na waya wa kufungia chochote kitakachokatika. Jumamosi peke yake alishuka mara saba.

Fundi ndiye aliyeleta sheria ya safari: mwenye kwenda polepole anakaa mbele. Vijana wengine walikataa. Wana vichwa vya mashindano hao, wanakusimulia Biniam Girmay wa Eritrea na ile jezi ya kijani ya Tour de France ya 2024, na mbio za dunia zilizofika Kigali Septemba 2025 kana kwamba wao ndio waliopanda vile vilima. Fundi akawaacha wamalize, kisha akaeleza. Mwenye nguvu akiwa mbele, anafika juu ya kilima, anapumzika, anakungojea. Wewe mnyonge unapofika unatokwa jasho, yeye ameshapumzika, anasimama, "Twende!" Kwa hiyo anayechoka zaidi ndiye asiyepumzika hata mara moja. Mkiweka mnyonge mbele, wote mnafika pamoja na kupumzika pamoja. Nimefanya kazi ya kujitolea miaka mitatu, nimekaa kwenye mafunzo mengi ya kulinda walio dhaifu, na sijasikia ikielezwa vizuri namna ile.

Aliyekaa mbele alikuwa dada yetu mmoja wa upande wa Beni. Hakujua kuendesha alipovuka mpaka. Kwao msichana alibebwa nyuma, hakushika usukani. Alijifunza kambini akiwa na miaka ishirini na mbili, kwenye uwanja wa mpira, watoto wakimkimbilia na kupiga kelele. Mwendo wake ni wa mtu anayebeba mayai. Siku mbili zote tulikwenda mwendo wa mayai.

Jumamosi tulipanda Kilembe. Ni kama kilomita kumi tu kutoka Kasese mjini, lakini njia inapanda kufuata mto Nyamwamba na jua la Kasese si la kuchezea. Kasese ilikua kwa ajili ya Kilembe: shaba ilikuwa mlimani, reli ikaletwa kutoka Kampala hadi hapa 1956 ili kuichukua. Mgodi ulisimama zamani, treni haiji tena. Zimebaki nyumba za wafanyakazi, zile zilizopangwa safu safu, na watu wanaishi humo. Na mto una mawe makubwa kama nyumba, yaliyoshushwa na mafuriko. Ya tarehe 1 Mei 2013 watu bado wanayasimulia kama ya juzi, kisha mengine yakaja Mei 2020. Mama mmoja aliyekuwa anauza chapati alituonyesha kwa mkono mahali jikoni kwake palipokuwa: katikati ya maji. Akasema na yeye alikaa kwenye hema la msaada, kwa hiyo anatujua. Chapati ya kumi na moja hakutaka kulipwa.

Kushuka! Hapo sina maneno mengi. Karibu nusu saa bila kukanyaga pedeli, upepo ndani ya shati, mto upande mmoja, watoto wanapunga mikono. Kaka mmoja, mtu asiyesema sana, alikuwa anaimba kwa sauti ya juu, tena vibaya. Nilimwangalia mgongoni nikawaza kwamba tangu nimjue sijawahi kumsikia hata akiongea kwa sauti. Usiku tulilala kumi na mmoja kwenye vyumba viwili, tumekula bugali na sombe, miguu imevimba, hakuna aliyetaka kulala.

Jumapili ndiyo safari ndefu: Kasese hadi Kikorongo, kilomita ishirini na kitu, halafu kukata kulia kuelekea Bwera na Mpondwe, nyingine kama 38. Barabara hiyo inapita kwenye mbuga ya Queen Elizabeth, na tembo hawana habari na kitambulisho chako. Wenyeji walituambia tusitoke giza giza, tukae pamoja, tukiona mnyama tusimame mbali tusipige kelele. Tembo tuliwaona kwa mbali, saba. Tukasimama kimya, hata wale wa mashindano. Asubuhi hiyo mawingu yalikuwa yamefunguka na theluji ya Rwenzori ikaonekana. Kama hujui hiyo bahati muulize mtu wa Kasese, anaweza kukaa wiki nzima asiione.

Kikorongo ndipo Ikweta inapopita, kuna duara za saruji kila upande wa barabara. Tulipiga picha zile mlizoziona, gurudumu la mbele kaskazini, la nyuma kusini. Mdogo wetu akauliza, "Sasa niko nchi gani?" Tukacheka mpaka Fundi akakaa chini.

Baada ya hapo njia ni ndefu na tambarare, joto linapanda kutoka kwenye lami, tena upepo unakuja usoni. Tukapita mashamba ya pamba, Kinyamaseke, Kisinga. Kuanzia hapo vilima, na kahawa imeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara. Wakonzo wa hapa na sisi Wanande ni ndugu, lugha ni karibu moja. Asubuhi tulikuwa tunasalimia "Wabukire!", mchana "Wasibire!", na wazee wanaitika kabla ya kugundua kwamba hawatujui. Kwa Mnande aliyekaa miaka Rwamwanja akitafuta maneno ya Kinyankole na Kiganda, hiyo salamu ilikuwa kama kunywa maji.

Bwera tulifika saa tisa. Mpango ulikuwa kuishia hapo. Kutoka Bwera hadi mpakani Mpondwe ni karibu, kilomita chache tu, lakini jambo hilo tulilijadili usiku mzima wa Jumamosi bila kukubaliana. Mnajua kwa nini. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Walitokea upande ule tuliotoka sisi, ni hao hao waliotukimbiza sisi. Lakini mzazi wa Mpondwe akiona vijana kumi na mmoja wa Kongo wasiojulikana wanaelekea mpakani, atajuaje? Baadhi yetu waliona si heshima. Wengine walisema wazi kwamba hawataki kuangalia ng'ambo, roho haitaki. Mmoja wa Bwera akatuambia tuache kujadili: wafanyabiashara wanapita pale kila siku, twende kama watu, tusalimie watu.

Tukala kikomando, chapati na maharage, kimya. Halafu dada yetu akasimama, akapanda baiskeli yake, akashika barabara ya Mpondwe kwa ule mwendo wake wa mayai. Hakumwambia mtu. Na sheria si mnaijua, yeye ndiye wa mbele. Wawili walibaki na vikombe vyao, hakuna aliyewasemesha vibaya. Wanane tukafuata.

Hatukufika kwenye kizuizi. Tulisimama kabla, penye maduka, malori yamepanga mstari. Mto Lhubiriha uko hapo chini, na ng'ambo ni Kasindi. Vilima ni vile vile, mabati ni yale yale. Mzee mmoja kwenye kiti cha duka alituangalia sana. Tukamsalimia, "Wasibire." Akaitika, akauliza tumetoka wapi na baiskeli hizi, tukamwambia Kasese. Akasema, "Leo hii?" Akaita mtoto atuletee maji.

Dada akatoa laini yake ya Kongo iliyokuwa nyuma ya kava la simu. Sisi tulidhani imeshakufa. Pale Mpondwe mtandao wa ng'ambo unakamata, na duka lile lile lilikuwa na unité za Kongo. Akapiga Butembo, kwa mama yake, kwa bei ya nyumbani. Tulitaka kusogea, akatuonyesha kwa mkono tubaki. Kwa hiyo nilisikia, na nimemwomba ruhusa kuandika.

Mama alishtuka kusikia yuko mpakani. Akauliza amefikaje.

"Kwa kinga, Mama."

"Kinga ya nani?"

"Yangu."

Kimya kidogo. Kisha mama akauliza, na sauti ilikuwa juu tukasikia sote, "Mwanangu, unakimbia nini tena?"

"Sikimbii, Mama. Natembea tu. Tuko wengi."

"Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

Mama hakuelewa, ikabidi aelezwe mara tatu. Mara ya tatu akaanza kucheka, akaita watu wa nyumbani waje wasikie kwamba binti yake anaendesha kinga Uganda, bila mzigo, siku ya Mungu. Waliongea mpaka unité zikaisha. Dada akafuta uso na kitambaa, akaangalia ng'ambo muda kama wa kula karanga za mia tano, akasema, "Turudi, nina njaa." Na kikomando alikuwa ametoka kula.

Bwera tulilala kwa wenzetu. Jumatatu Fuso ikatupakia, mimi nikalala juu ya magunia mpaka Kasese. Fundi amehesabu: viraka kumi na tisa, tairi mbili za nyuma zimekwisha kabisa, spoku nne, mnyororo mmoja. Safari ijayo watu wa Kasese wanataka twende Katwe kwenye ziwa la chumvi. Kumi na wanne wameshajiandikisha, na wanne kati yao hawajui kuendesha. Wanafundishwa kila jioni saa kumi na moja, uwanja wa mpira, na mwalimu ni dada yetu. Mwenye tyubu ya namba 28 alete.